Jino Ndani ya Pindo la Bibi Harusi

Kibaraza cha Bi Mwatumu, gazeti la Jirani, Johannesburg, Juni 2018

Bi Mwatumu, mama yetu wa kibaraza, pokea salamu na heshima zangu, kisha ukae vizuri kwenye kiti maana haya nitakayokueleza ni marefu. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana, lakini leo nimefunga mlango wa duka nikaapa nitaandika mpaka mwisho, kwa sababu nimebakiwa na siku kumi na moja tu, na nikiendelea kunyamaza naona nitakufa, na nisipokufa nitaaibika, na sijui kati ya hayo mawili naogopa lipi zaidi. Nakuomba sana usiandike jina langu. Mimi ni Hénock, fundi cherehani wa Yeoville, ukitokea upande wa Observatory ni mlango wa tatu baada ya saluni, bango la kijani.

Mimi ni mtu wa Uvira kule Kongo, hapa Johannesburg nimefika miaka kumi na mbili iliyopita. Mke wangu ni Angélique, anasuka nywele kwenye hiyo saluni ya jirani, na mtoto wetu ni mmoja, Benita, ana miaka tisa, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza au kwa Kizulu kutegemea amekasirika kiasi gani. Kanisani nashona mavazi ya kwaya, nguo za ubatizo na magauni ya harusi, na sifa yangu mjini ni moja, situmii mkasi mdogo. Uzi naukata kwa meno. Ndivyo alivyonifundisha mjomba wangu kule nyumbani, pini zinakaa mdomoni, uzi unakatwa kwa meno, mikono inabaki kwenye kitambaa, na kweli mimi namaliza gauni wakati wenzangu bado wanatafuta mkasi wao chini ya meza.

Sasa mwaka jana mwezi wa kumi na moja nikaanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa kupita kiasi, nikaenda kliniki, wakanitoboa kidole, sista akaniambia nina ugonjwa wa sukari, akanipa kadi na vidonge vya asubuhi na jioni nimeze pamoja na chakula, akanieleza niache soda na vitu vitamu, nichunge miguu, macho na mdomo. Miguu nilielewa, macho nilielewa, mdomo nikaona amezidisha, mdomo unaingiaje kwenye mambo ya sukari. Vidonge nikavificha dukani kwenye kopo la vifungo na nyumbani sikusema kitu, na hapa Mama ndipo kosa langu lilipoanzia, lakini nielewe. Kaka yangu mkubwa alikufa kwa ugonjwa huohuo kabla hatujaja huku, walimkata mguu kwanza, na aliyemuuguza miezi saba ni Angélique, tukiwa ndio kwanza tumeoana, nilikuwa namwona anafua mashuka huku analia, nikaapa moyoni kwamba mwanamke huyu sitamrudisha mahali pale tena.

Basi mwezi wa kwanza mwaka huu kulikuwa na sherehe ya ubatizo kanisani, na kiongozi wa kwaya yetu, Mama Hélène, ambaye ukikataa chakula chake anataka sababu mbele ya watu, akaniletea soda ya machungwa na kipande cha keki kikubwa kuliko cha Pasta. Watu wananitazama. Nikasema, "Mama, samahani, niko kwenye mfungo." Nilisema hivyo tu, nia yangu ilikuwa kuiokoa jioni ile moja, lakini Mama Hélène alishusha sauti, akairudisha sahani taratibu, akaenda kuwaambia wenzake, na Jumapili iliyofuata alipokuja na maandazi nikaona siwezi kuwa nimeshafungua. Ikawa Jumapili baada ya Jumapili. Kufika Pasaka kanisa zima lilikuwa linajua kwamba fundi Hénock anafunga tangu mwaka mpya, watu wakaanza kuniletea majina ya wagonjwa wao niwaombee, na mimi Mama nimewaombea kweli, nisingeweza kudanganya mara mbili.

Nyumbani nilimwambia Angélique kuwa ni ule mfungo wa Danieli, mboga na maji, bila vitu vitamu. Nilidhani atanisumbua kwa maswali. Akasema, "Kama ni Mungu amekuita, mi nitakupikia hivyo." Na tangu siku ile Mungu amenisaidia sana, maana tangu mwezi wa pili chai yangu inakuja bila sukari, nikiuliza ananiambia sukari ilimalizika, na asubuhi hanikubalii kutoka nyumbani kabla sijala, anasema mtu wa maombi lazima awe na nguvu. Hata Jumamosi jioni ananiosha miguu kwenye beseni, anaangalia kidole kimoja kimoja mpaka katikati ya vidole, nami najisikia vibaya kwa sababu heshima ile ni ya mtumishi wa kweli, si yangu.

Nirudi kwenye mdomo. Mwezi huohuo wa pili fizi zilizidi kutoa damu nikipiga mswaki, zamani zilikuwa zinatoa kidogo tu, sasa sinki lote jekundu. Nikasema huu mswaki ndio unaoniumiza, nikauacha, nikawa nasukutua kwa maji ya chumvi tu ili fizi zipumzike. Hazikupumzika. Zikavimba, na mdomo ukaanza kutoa harufu ambayo mimi mwenyewe nikivaa skafu naisikia. Benita akasema kwa Kiingereza kwamba baba ananuka bomba la jikoni, akakemewa, kwa sababu kanisani kila mtu alishajua ile ni harufu ya mfungo. Mama Hélène aliwaambia wanakwaya kwamba kinywa kisichoona chakula kwa ajili ya Bwana ndivyo kinavyonuka, na kwamba wao wananukia vizuri mno. Pasta Alexis akiongea na mimi anageuza uso kidogo, halafu anajirudi na kuniangalia kwa upendo.

Kuificha harufu nikanunua pipi za mnanaa, zile nyeupe kali, kwanza pakiti moja kwa siku, siku hizi ni mbili, nazo zinakaa kwenye kopo la vifungo pamoja na vidonge. Na kliniki mwezi wa nne na wa tano sukari imepanda, sista akaniuliza ninakula nini, nikamwapia kwamba sijagusa kitu kitamu tangu mwaka mpya, akaandika kwenye kadi huku anatikisa kichwa, akasema eish, baba, haiwezi kupanda yenyewe.

Siku yangu ya kuzaliwa, mwezi wa tatu, Angélique alinipa mkasi mdogo uliofungwa utepe mwekundu wa kuvaa shingoni. Akaniambia, "Papa Benita, uzi ukatie hii." Nilimshukuru nikauweka kwenye droo, kwa sababu fundi wa sifa yangu akionekana na mkasi shingoni watu watasema amezeeka.

Sasa sikiliza lililonipata. Wiki mbili na nusu zilizopita binti ya Pasta, Murielle, alikuwa anaolewa, gauni nimelishona mimi, na Ijumaa mchana alikuja dukani kulijaribu mara ya mwisho, amesimama juu ya kigoda, Mama Hélène ameketi pembeni anasimamia. Mimi nimepiga magoti chini nashona pindo kwa mkono, pini nne mdomoni upande wa kushoto, nikafika mwisho wa uzi, nikaupeleka kwenye meno ya mbele kama siku zote, nikavuta. Maumivu sikusikia hata kidogo. Nilisikia kama kitu kimeteleza, halafu ulimi ukaingia mahali ambapo haujawahi kuingia. Jino la chini la mbele limetoka zima na mzizi wake, na lilipoangukia ni ndani ya pindo, mle kwenye mkunjo ambao sijaufunga.

Mdomo wangu umejaa damu na pini. Murielle kutoka juu ananiuliza kama nimemaliza. Nikisema neno damu itamwagika kwenye satini nyeupe, nikiingiza vidole kwenye mkunjo wataniuliza natafuta nini. Nikatikisa kichwa kwamba bado kidogo, nikashona. Nimelishona jino langu ndani ya gauni la bibi harusi, Mama, kwa mishono midogomidogo na mizuri kuliko yote niliyowahi kushona, huku nameza damu, na Mama Hélène akamwambia Murielle kwa sauti ya chini, "Muache, asisemeshwe, yuko katika roho."

Harusi sikuiona. Mimi niliona pindo tu. Kila Murielle alipopanda ngazi nilisikia kitu kinagonga, ingawa Angélique anasema muziki ulikuwa juu na hakuna mtu angesikia kitu, na alishangaa kwa nini namuuliza. Sasa gauni limetundikwa kabatini kwa Pasta na jino langu limo humo. Mimi nimeacha kucheka, naongea mdomo ukiwa nusu umefungwa, na kanisa limeipokea hali hiyo pia kama hatua mpya ya kiroho.

Jumapili iliyofuata Pasta Alexis akanisimamisha mbele ya watu wote. Alisema nitawekwa kuwa shemasi, na kwamba kuanzia Jumapili tarehe moja mwezi wa saba kanisa litafunga siku ishirini na moja na atakayeliongoza ni mimi, na siku tatu za kwanza nitakaa kwenye chumba cha maombi bila chakula na bila maji. Watu walipiga vigelegele. Angélique alinishika mkono mpaka vidole vikauma, na njiani tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, nyekundu imewaka, akaniuliza, "Siku tatu, Papa Benita? Hata maji?" Nikamjibu Mungu atanisaidia. Akalia pale pale barabarani, nikaelewa kwamba ni furaha ya kuwa mke wa shemasi.

Kesho yake nikaenda kwa daktari wa meno. Pale mapokezi dada anauliza maswali kwa sauti ya kusikika mpaka nje, una presha, una sukari, na nikageuka nikamwona Mama Hélène kwenye benchi nyuma yangu ameshika shavu. Nikasema sina sukari. Daktari ni msichana mdogo, mpole, akapima fizi kwa kile kijiti chao akasema meno mawili zaidi lazima yang'olewe, mengine yanaweza kupona fizi zikisafishwa, akaniuliza tena kama nina sukari, nami nilishasema hapana kule nje nikaona aibu kubadilisha. Amenipa Jumanne tarehe tatu mwezi wa saba. Ndiyo siku ya tatu ya mfungo.

Naomba msaada wako kwa haya. La kwanza, nitalitoaje jino kwenye gauni bila mtu kujua. La pili, nikimeza vidonge kwa siri na maji kidogo mle kwenye chumba cha maombi, je, siku tatu bila chakula zitanidhuru? La tatu, daktari wa meno anahitaji kweli kujua habari za sukari, au meno ni meno. Na la nne, nimwambieje Angélique bila kumvunja moyo, maana yeye hajui kitu kabisa.

Ni mimi, lakini usiandike jina. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha.

*Bi Mwatumu anajibu:*

Fundi, jina lako sikuliandika. Nimekupa jingine, nimembadilisha mkeo, mtoto, pasta na mama wa kwaya, nimehamisha duka na kupaka bango rangi nyingine. Kwa hiyo wewe msomaji uliyekwisha kuinuka kwenda Yeoville kuhesabu milango baada ya saluni, kaa chini. Na jibu hili fundi nimemtumia kwenye simu Alhamisi ile ile barua ilipofika, kwa sababu gazeti linatoka mara moja kwa wiki na hatari aliyonayo haiwezi kusubiri kiwanda cha uchapaji.

Nimecheka, sitakudanganya. Nilipofika pale kwenye mishono midogomidogo nilivua miwani nikaifuta. Halafu nikaisoma tena barua yako yote na mara ya pili sikucheka, mwanangu, nilishikwa na hofu.

Umeanza na jino kwenye gauni. Jino lile limekwisha kutoka, halina haraka. Mimi naanza na siku tatu. Hufungi. Huingii kwenye chumba hicho, si siku tatu wala nusu siku. Vidonge ulivyopewa umeze na chakula, kuna aina ambazo ukizimeza tumbo likiwa tupu sukari inashuka mpaka unatetemeka, unatoka jasho, unaanguka, na wewe utakuwa umejifungia mahali ambapo mtu akikukuta umelala chini atadhani uko katika roho. Watafunga mlango polepole wakuache. Ukikaa bila maji mwili wako unakauka na sukari inazidi kwenye damu. Na usijaribu kuacha vidonge ili ufunge, huko ni kutoroka simba na kujificha kwa chui.

Mimi ni Mwislamu, najua kufunga. Nina sukari pia, miaka kumi na nne sasa. Ramadhani iliyotoka juzi daktari alinikataza, na mimi niliyekuwa muuguzi Tanga miaka thelathini na moja, niliyewakataza wengine mamia, nilikuwa nakula mchana jikoni kwa binti yangu hapa Randburg nikiwa nimevuta pazia. Mjukuu wangu akaja akaniuliza, kwa Kiingereza chao, Bibi unamficha nani. Kwa hiyo nikikukaripia ujue najikaripia na mimi.

Sasa mdomo. Ulijiuliza unaingiaje kwenye mambo ya sukari, na laiti ungemuuliza sista pale pale meno yako yote yangekuwepo. Sukari ikiwa juu kwenye damu inakuwa juu hata kwenye mate, mdomo unakauka, vijidudu vinafurahi, fizi zinaoza kimyakimya na kidonda hakiponi upesi. Kisha fizi zilizooza nazo zinaipandisha sukari. Unaona mzunguko huo? Sista alikuambia haiwezi kupanda yenyewe, na kweli haikupanda yenyewe. Unaipandisha kwa fizi, na unaipandisha kwa pakiti mbili za pipi kila siku. Fundi, mtu mzima, unamwapia muuguzi kwamba hujagusa kitu kitamu tangu mwaka mpya na shavu limevimba kwa pipi! Mnanaa ni jani, sawa, lakini hizo zako zimetengenezwa kwa sukari. Zitupe leo. Kopo la vifungo libaki na vifungo.

Na mswaki uliuacha kwa sababu fizi zinatoka damu. Hilo ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko yote, na mimi mwenyewe nililifanya, ndiyo sababu meno yangu ya juu usiku yanalala kwenye glasi. Fizi inayotoka damu inakuomba uisafishe, haikuombi uiache na uchafu wake. Nunua mswaki laini kabisa, dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala, polepole, dakika mbili, mpaka pale fizi inapokutana na jino. Na kuna uzi mwembamba wa meno unaouzwa duka la dawa. Wewe ni fundi, sina haja ya kukufundisha kuushika. Huo unapita katikati ya meno na kusafisha, na ndio uzi pekee ninaotaka kusikia umeingia mdomoni mwako. Pini tafuta kimto kidogo cha kuzichomekea kama mafundi wengine. Maji ya chumvi sukutua ukipenda, hayakatazwi, lakini hayachukui nafasi ya mswaki.

Daktari wa meno anahitaji kujua? Anahitaji kujua kuliko mtu yeyote. Anakwenda kung'oa meno mawili ya mtu mwenye sukari iliyopanda akidhani ni mzima, kidonda kikikataa kufunga atashangaa yeye na utaumia wewe. Kesho asubuhi rudi pale, si tarehe tatu, kesho, uwe na kadi yako ya kliniki mkononi. Kama huwezi kusema mapokezi, mwambie dada unataka kuongea na daktari faragha, una haki hiyo. Kisha upite kwa sista wa sukari umweleze habari za meno na za pipi, wao wapange pamoja ung'olewe lini. Siku hiyo kula kwanza, meza vidonge vyako kama watakavyokuelekeza, ndipo uende. Na kuhusu mama wa kwaya aliyekuwa kwenye benchi nyuma yako ameshika shavu, ulidhani yeye alikuja pale kuimba?

Pasta mwendee kabla ya Jumapili, peke yenu, umwambie una ugonjwa wa sukari na kwamba ulisema uongo siku ya keki ukashindwa kuurudisha. Usimpambie. Huenda akaudhika. Huenda akakunyima ushemasi, na kama atakunyima muachie, hukuwa umeuomba. Lakini nadhani hilo kanisa lina wenzako wa sukari wengi waliokaa kimya mbele ya soda ya machungwa kila Jumapili, na ukisema wewe watapata pumzi. Majina ya wagonjwa uliyopewa endelea kuyaombea. Hapo hukudanganya mtu, na kuomba hakuhitaji uwe na njaa.

Jino la kwenye pindo, haya, tulimalize. Mwambie bibi harusi kuna kasoro kwenye pindo unataka uirekebishe bure kabla hajalikunja gauni lake kulihifadhi, maana ni kweli kasoro ipo. Fungua, toa, shona. Kasoro ni nini, hapo tu nakuruhusu kunyamaza.

Nimeliacha la mwisho makusudi. Unauliza umwambieje mkeo, ambaye hajui kitu kabisa.

Fundi, kaa. Sukari ilimalizika nyumbani kwenu tangu mwezi wa pili? Miezi mitano, kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka tisa? Uji wa mtoto unatiwa nini? Mwanamke gani humzuia mtu wa mfungo asitoke mlangoni kabla hajala? Anakuosha miguu kila Jumamosi na kuangalia katikati ya vidole, na wewe ukadhani ni heshima kwa mtumishi. Hivyo ndivyo anavyoangaliwa mgonjwa wa sukari asije akapata kidonda asichokisikia, kliniki tunawafundisha watu wa nyumbani wafanye vile, na mkeo alijifunza kwa mguu wa kaka yako. Mahali ulipoapa hutamrudisha, Fundi, amekwisha kurudi, tena amerudi peke yake, na amekaa humo miezi mitano akikungoja umfungulie mlango. Pale kwenye robot hakulia kwa furaha. Alikuwa amesikia mumewe akikubali kufa mbele ya watu, huku watu wanapiga vigelegele.

Hakusema kwa sababu hakutaka kukuaibisha. Mmependana sana ninyi wawili, na kwa namna ya kipumbavu.

Na mkasi alikupa mwezi wa tatu, fizi zilipoanza kuacha damu kwenye mto wako, maana wewe unaona sinki tu lakini foronya anafua nani? Alitafuta kitu ambacho kingekuokolea meno bila kukulazimisha kukiri chochote. Wewe ukakitia kwenye droo.

Basi hili ndilo la kufanya leo, kabla ya yote mengine. Ukifunga duka, fungua hiyo droo, uvae mkasi shingoni, uingie nao nyumbani. Usiandae hotuba. Kaa naye, na ukimaliza kumwambia, nitumie neno moja nijue.

*Bi Mwatumu*

*Baada ya jibu: Ijumaa asubuhi fundi alinitumia ujumbe huu, na ameniruhusu niuchape. "Mama, nimeuvaa. Sikusema hata neno, aliuona mlangoni akakaa chini. Alilia, halafu alicheka, halafu akawasha taa ya simu akaniambia nifungue mdomo aone."*